Kidonge cha Jumapili

Mama yangu alivunjika paja Jumatano moja asubuhi, kwenye bomba la maji la mtaa wetu wa Ziwani, akiwa amebeba mtungi wa lita tano ambao nilikuwa nimemkataza kuubeba. Nilipofika hospitalini nilimkuta kwenye kitanda cha magurudumu, mguu umegeukia nje na midomo imekauka. Neno langu la kwanza kwake lilikuwa, "Nilikwambia nini?" Pole nilimpa baadaye, nilipomaliza kumgombeza, na hata hiyo niliitoa huku natafuta mahali pa kuchaji simu.

Nalitaja hili mapema ili msomaji asinipe huruma ambayo si yangu. Mimi ni mwepesi wa hasira, na sikuanza jana. Pale soko la Kariokor ninaposhona mikanda na vifuniko vya ngozi kwenye viondo, vikapu vyetu vya mkonge, wateja wananijua: bei nimeshaitaja, ukitaka kubishana nenda kwa yule wa kona. Viondo vyenyewe alikuwa akivisuka mama tangu mimi nikiwa mtoto. Yeye mkonge, mimi ngozi. Sisi ni Wakamba, na mama tunamwita Mwaitu. Mwaitu alisokota nyuzi za mkonge juu ya paja lake la kulia kwa zaidi ya miaka hamsini, mpaka ngozi ya hapo ikawa laini na kung'aa, na ndilo paja lililovunjika.

Alikuwa na miaka sabini na minne. Mimi nilikuwa na hamsini na miwili, watoto wangu wameshakua na kwenda zao, mume naye alishakwenda zake kitambo, kwa hiyo hapakuwa na mjadala kuhusu nani angemtunza. Nilifunga chumba changu cha kupanga kule Umoja nikarudi Ziwani kwenye nyumba ya kaunti nilimozaliwa: chumba kimoja na jiko dogo, bomba na vyoo viko nje, mwisho wa mstari. Nilirudi na godoro na sufuria mbili, nikiwaambia watu ni kwa wiki chache tu.

Walimpasua siku ya tano. Daktari wa mifupa, mtu mpole mwenye vidole vifupi, alimfunga bamba la chuma na skrubu kando ya mfupa, kisha akaniita kunionyesha picha. Skrubu zilionekana nyeupe kabisa. Mfupa wenyewe ulikuwa na rangi hafifu, nikafikiri picha imechukuliwa vibaya.

"Picha ni nzuri," akasema. "Ni mfupa ndio umekuwa mwepesi. Umri huo, mwili unakula mfupa haraka kuliko unavyoujenga. Mimi nimetia chuma, lakini chuma kinashikwa na mfupa. Mfupa ukiwa dhaifu, skrubu inaanza kucheza."

Hilo nililielewa bila maelezo zaidi. Ngozi iliyokauka haishiki mshono. Uzi unaweza kuwa mpya na imara, lakini tundu linapanuka kidogo kidogo, na siku moja mkanda unachomoka kiondo kikiwa na viazi ndani. Nilimwambia hivyo daktari, akacheka, akasema atautumia mfano huo kwa wagonjwa wengine. Kisha akaandika dawa ya kuzuia mfupa usiendelee kuliwa, kidonge kimoja kwa wiki. Zile skrubu zilikuwa zinaitegemea, na Mwaitu alikuwa anazitegemea skrubu.

Siku ya kutoka hospitalini nilimwacha kwenye kiti cha magurudumu na muuguzi, nikaenda kupanga foleni kwenye dirisha la dawa. Nilisimama pale tangu saa tatu hadi karibu saa sita. Zamu yangu ilipofika, mwanamke mmoja aliyevaa miwani alijipenyeza mbele yangu eti anauliza swali dogo tu. Mimi na swali dogo ni maadui. Nilikuwa bado namweleza mama huyo alikotoka na anakopaswa kurudi wakati mfamasia akinipa maelekezo yangu. Nilisikia "mara moja kwa wiki" na nikasikia "asubuhi". Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya Kiingereza, herufi ndogo kama chawa, imekunjwa mara nyingi. Kiingereza nakijua, nilimaliza kidato cha nne. Sikuisoma kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu niliamini hakuna jipya la kuambiwa kuhusu kumeza kidonge.

Nikachagua Jumapili, siku ambayo sikuwa na haraka ya kwenda sokoni. Sasa, kwetu dawa haimezwi tumbo likiwa tupu. Ni yeye Mwaitu aliyenilea hivyo: hata kidonge cha kichwa, kwanza utie kitu tumboni, la sivyo dawa inakuchoma utumbo na inakupa kizunguzungu. Sijawahi kuona nyumba Ziwani ambako mgonjwa anapewa dawa bila kikombe cha chai. Na mifupa inataka maziwa, hilo hata mtoto wa darasa la pili atakwambia. Kwa hiyo kila Jumapili niliamka saa kumi na moja, nikachemsha maziwa ya pakiti mbili na maji kidogo sana, majani, tangawizi na sukari, chai nzito inayoacha utando juu ya kikombe. Nilimpelekea kitandani kidonge kikiwa kando ya kikombe kwenye sahani, nikasimama pale kama askari jela.

"Meza," nilisema. "Kunywa yote."

Alikunywa yote. Kisha nilimlaza tena, nikamfunika, nikawasha redio tusikilize ibada. Nilijisikia binti mzuri. Wiki nzima nilikuwa nikimfokea kuhusu hili na lile, lakini asubuhi ya Jumapili nilijiambia nimemlipa yote kwa kikombe kimoja.

Uchovu wa miezi ile siwezi kuueleza vizuri. Haukuwa uchovu wa kazi ngumu, maana ngozi ninaishona tangu zamani. Ulikuwa ni ule wa kuamka kila siku na vitu vilevile vinakusubiri kwa mpangilio uleule: kumwaga beseni la haja, kuteka maji, kupasha maji, kumgeuza, kumwosha, kumvisha, uji, kukimbia Kariokor, kushona, kukimbia tena nyumbani saa saba, kumwaga beseni. Mikono ilinuka gundi na dettol. Nilikuwa nikikaa kwenye kibanda changu nikishona, halafu nikagundua nimeshona mkanda kichwa chini.

Beseni ndilo lililomuuma Mwaitu kuliko paja. Alikuwa mwanamke wa kujisitiri sana, wa kufunga leso mbili kiunoni hata akiwa peke yake. Kila nilipomwinua kumwekea beseni aligeuza uso ukutani na kubaki hivyo mpaka nimemaliza na kutoka. Hakuwa na maombi makubwa. "Siku nitaenda choo mwenyewe, nifunge mlango," aliniambia, "hiyo siku nimepona. Kutembea kwingine hata Mungu akininyima ni sawa."

Mwezi wa tatu alisimama na kile chuma cha miguu minne cha kutembelea. Mwezi wa tano alifika mlangoni, akaegemea, akawasalimia watu waliokuwa foleni ya maji, nao wakampigia vigelegele. Choo kilikuwa hatua arobaini kutoka pale, nilimhesabia mimi mwenyewe. Halafu, badala ya kuongezeka, hatua zikaanza kupungua. Aliacha kufika mlangoni. Alisema ni baridi. Nilipomwinua niliona anauma ncha ya leso, na nilipomwuliza kama anaumwa akasema hapana, ni kawaida tu.

"Kama huumwi basi tembea," nikamwambia. "Unafikiri mimi nitakubeba mpaka lini?"

Alitembea. Alivuka chumba na kurudi, jasho likimtoka puani, kisha akakaa na kuokota mkonge wake.

Wiki mbili baadaye nilimpeleka kliniki. Baada ya kupigwa picha aliachwa kwenye benchi la ukumbini, na mimi nikaingia kwa daktari nikiwa na bahasha. Aliitundika picha kwenye mwanga. Sikuhitaji kuwa daktari. Skrubu mbili za juu zilikuwa zimerudi nyuma, vichwa vyake vimeacha bamba, na pale mfupa ulipokatika palikuwa bado na mstari mweusi.

"Haujashika," akasema. "Dawa anameza?"

"Kila Jumapili. Hajakosa hata moja."

"Anamezaje?"

Nilimweleza kwa fahari. Nilieleza maziwa pakiti mbili, nilieleza tangawizi, nilieleza namna ninavyomsimamia mpaka tone la mwisho na namna ninavyomlaza vizuri apumzike. Daktari aliweka kalamu mezani taratibu.

"Mama," akaniambia, "hiyo dawa inamezwa na maji matupu. Kabla ya kitu chochote. Halafu mgonjwa anakaa wima nusu saa, ndipo anywe chai. Maziwa yanaikamata humo humo tumboni, mwili hauipati. Inapita tu."

Nilimwuliza ni kiasi gani kilichopita. Akasema karibu yote. Nikamwuliza kama ndiyo sababu ya skrubu kuchomoka. Aliitazama picha, akaniambia jambo ambalo sijui hadi leo kama alinihurumia au alinieleza ukweli: kwamba mifupa ya umri ule huweza kukataa hata kwa mtu aliyemeza sawasawa, na kwamba yeye hawezi kuapa upande wowote.

Nilitoka nikamkuta Mwaitu amekaa wima kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Amesemaje?" akauliza.

"Anabadilisha dawa," nikasema. "Ile haikukufaa."

Niliogopa, hiyo ndiyo sababu. Mimi ninayewaambia watu ukweli wao mbele ya foleni nzima, nilishindwa kutoa sentensi moja kwa mwanamke aliyenizaa. Nilimrudisha kwenye kiti cha magurudumu, nikakisukuma mpaka kwenye lango nikimlalamikia mlinzi aliyechelewa kufungua.

Kulikuwa na njia moja tu iliyobaki: kupasuliwa tena, kutolewa bamba, kuwekewa chuma kirefu ndani ya mfupa wenyewe, na kupandikiziwa vipande vya mfupa kutoka kwenye nyonga yake. Bila hivyo, daktari alisema, atakaa kitandani maisha yake yote yaliyobaki. Mwaitu alikataa.

"Mimi sikatwi tena," akasema. "Niache tu nikae hivi. Nitasuka nikiwa nimekaa."

"Na choo?"

Aligeuza uso ukutani. Nilimbembeleza siku mbili. Siku ya tatu subira ilinitoka, nikapiga meza, nikamwambia kama hataki kupona aseme wazi nijue ninafua mashuka haya mpaka mwaka gani. Jirani zetu wa pande zote mbili walisikia. Mwaitu alitazama mikono yake.

"Haya, basi," akasema. "Fanya vile unaona."

Nilichukua hilo kuwa ndiyo. Nilikwenda nikajaza fomu siku ile ile kabla hajabadilisha mawazo.

Alipasuliwa, akatoka hai, amekonda na sauti imekuwa ndogo. Safari hii daktari alileta dawa ya aina nyingine, sindano iliyotengenezwa kama kalamu, ya kuchomwa kila siku kwa miezi mingi. Bei yake sitaitaja, isije ikaniharibia siku. Alinieleza kwamba kile kidonge kilikuwa cha kuzuia mfupa usiliwe, lakini hii inauamsha mwili ujenge mfupa mpya. Hakuniahidi kitu. Alisema kuna wagonjwa anaona inawasaidia kuunga, na kuna wengine haoni tofauti, na kwamba yeye angekuwa na mama yake pale angeijaribu.

Nilichukua daftari. Niliandika kila neno. Nilimfanya muuguzi anionyeshe mara nne namna ya kuzungusha kalamu ile, kubana ngozi ya tumbo, kuhesabu na kutoa. Niliuliza kuhusu chai. Niliuliza kuhusu maji, maharagwe, parachichi. Muuguzi alianza kucheka, kisha akaniangalia usoni, akaacha.

Sindano ile inatakiwa kukaa kwenye friji, nasi hatuna friji. Jirani yetu mwenye duka la maziwa alikubali kunihifadhia, na kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilikwenda kuichukua. Wiki ya pili nilimkuta ameipandisha juu kabisa, kwenye barafu, katikati ya vipande vya nyama yake. Ilikuwa imeganda kama jiwe.

"Niliona hapo chini joto inaingia nikifungua-fungua," akasema. "Nikaiweka kwa barafu ikae fiti."

Dawa hiyo ikiganda inatupwa, daftari langu lilisema. Nilimfokea mbele ya wateja wake. Nilimwita majina ambayo siyaandiki hapa, kuna wasomaji wa kanisani.

"Pole basi," alisema kwa sauti ya chini. "Si nilikuwa nataka tu kukusaidia."

Nilirudi nyumbani, nikamsimulia Mwaitu. Alisikiliza yote huku akisokota mkonge, siku hizo kwenye paja la kushoto, ambalo halikuzoea.

"Huyo mama hakujua," akasema.

"Kama hajui si aulize? Mdomo si anao?"

Mwaitu aliniangalia kidogo, akarudi kwenye mkonge wake. Nilisikia nilichosema, lakini hata hapo sikufungua kinywa kumwambia ya ile chai ya maziwa. Nilikwenda kuomba kalamu nyingine hospitalini. Jirani aliendelea kunihifadhia dawa. Kwa wiki tatu alinikabidhi bila salamu, na sikuweza kumlaumu.

Siku zikaenda hivyo. Asubuhi sindano, beseni, maji, uji, soko. Mwaitu hakuwahi kulalamikia sindano. Nikiingia tu na kalamu mkononi alikuwa ameshainua blauzi, amelikaza tumbo, anangoja. Nilimchoma kushoto leo, kulia kesho, nikatupa ile ncha ya sindano kwenye chupa ya plastiki, nikaondoka. Haikuchukua dakika mbili. Wakati mwingine nilikuwa nimefika Kariokor ndipo nakumbuka kwamba sikumwambia hata neno moja.

Mwezi wa nne tulirudi kupigwa picha. Daktari aliitundika, akasogea karibu, akanionyesha kwa kidole: pale palipokuwa na mstari mweusi palikuwa na kitu kama ukungu mweupe, kimevuka kutoka upande mmoja wa mfupa hadi wa pili.

"Unashika," akasema.

"Ni sindano?"

"Ni sindano, ni chuma kipya, ni mfupa tuliopandikiza, ni yeye mwenyewe. Siwezi kukugawia nani kafanya nini. Endelea na sindano."

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, Mwaitu alichukua mkongojo wake, akafunga leso ya pili juu ya ya kwanza, akatoka. Alinikataza kumfuata. Nilisimama mlangoni nikimtazama anavyochechemea kando ya ukuta, mguu wa kulia ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, watu wa bomba wakimpisha. Alifika. Mlango wa bati ulifungwa, nikasikia komeo likisukumwa kwa ndani. Nililia pale mlangoni, na jirani mwenye duka akaja akanishika bega.

Nilifikiri sasa ningepumzika. Sikupumzika. Usiku na mchana niliwaza kile kikombe cha chai. Alikuwa amepasuliwa mara ya pili kwa ajili ya kikombe changu, au labda kwa ajili yangu, na alikuwa akinishukuru kila siku kwa kumtunza. Jumatatu asubuhi nilichukua kalamu dukani, nikaingia ndani, nikamkuta ameshainua blauzi. Sikumchoma. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mwaitu," nikasema, "ile dawa ya Jumapili nilikupa vibaya. Ilitakiwa maji, siyo chai. Maziwa yaliiua. Dakta aliniambia siku ile ya picha, nikakuficha."

Alishusha blauzi polepole.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Ya maji. Yule sista aliniambia siku ya kutoka, wewe ukiwa kwa foleni ya dawa. Alisema maji matupu, nikae nusu saa, ndio ninywe chai."

"Sasa mbona hukusema?" Sauti yangu ilitoka kubwa, iligonga mabati, na nilimwona anavyojikunja, mabega yakipanda juu karibu na masikio, macho yakienda mlangoni kuangalia kama watu wamesikia. Alikuwa amefanya hivyo mara ngapi mbele yangu? Sikuwa nimewahi kumwangalia nikiwa napiga kelele.

Alingoja mpaka nikanyamaza.

"Nilisema," akajibu. "Jumapili ya kwanza. Nilikuomba maji. Unakumbuka ulisema nini?"

Sikukumbuka. Nilitafuta, na ninatafuta mpaka leo, sikumbuki Jumapili hiyo wala maneno hayo. Yeye anayakumbuka, na hakukubali kuyarudia.

"Nikaona ninywe tu," akasema. "Ulikuwa umechoka. Na siku hizi, mwanangu, usikasirike, mimi nakuogopa kidogo."

Alilisema bila kinyongo, kama mtu anayetaja kwamba sukari imeisha. Nje mtu alikuwa anajaza mitungi, maji yakilia kwenye plastiki. Nilitaka kumpa maelezo: kuhusu beseni, kuhusu gundi, kuhusu mume na Umoja na mgongo wangu. Kila nililolipata lilikuwa kweli na halikusaidia. Nilimwomba msamaha, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, na akaitikia kwa kichwa haraka haraka, akainua tena blauzi ili tumalize.

Niliushika ule ukunjo wa ngozi ya tumbo lake, umejaa vidoa vya miezi minne. Kisha nikauachilia, nikamwuliza jambo ambalo sikuwa nimemwuliza hata siku moja tangu tuanze: angependa leo nimchome upande gani?

Alinitazama, akafikiri kwa muda mrefu, akitafuta jibu ambalo ningelitaka.

"Wowote tu," akasema. "Usije ukachelewa soko."